Mzee ndiye aliyewachagua: The Ex na Getatchew Mekuria

Swali: Shikamoo mzee. Nimeangalia video ya mzee wa Kihabeshi aliyevaa vazi lenye manyoya kama ya simba, anapuliza saksafoni, na nyuma yake Wazungu wanapiga magitaa kwa kishindo hadi nikadhani spika za simu yangu zimepasuka. Rafiki yangu ananiambia ni bendi ya panki ya Uholanzi ambayo ina zaidi ya miaka arobaini. Ninavyojua mimi, panki ni muziki wa vijana wenye hasira: unawaka, unazimika. Hawa wamedumuje? Walimfikiaje yule mzee, au walimkodi tu ili wapate rangi ya Kiafrika jukwaani? Na nikitaka kuwasikiliza, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Bendi hiyo inaitwa The Ex. Yule mzee ni Getatchew Mekuria, mmoja wa wapuliza saksafoni wakubwa kuliko wote waliopata kutoka Ethiopia. Nianze na lile neno lako la kukodi, maana ndilo lililonifanya nikae nikuandikie kwa kirefu. Mambo yalikuwa kinyume kabisa. Mzee ndiye aliyewasikia, akawachagua, akawataka wawe bendi yake. Kwa nini mwanamuziki mwenye hadhi ile, aliyewahi kupiga na bendi bora za Addis Ababa, akawataka wapiga panki wa Kiholanzi? Hapo ndipo ilipo pia sababu ya wao kudumu, na kuieleza kunahitaji turudi nyuma mpaka 1979.

Kaskazini kidogo ya Amsterdam kuna eneo la mto Zaan, mahali pa viwanda vya kale vya karatasi, mbao na kakao. Wormer ni mji mdogo wa huko. Vijana wanne wa maeneo hayo waliamua kuunda bendi kabla hata ya kujua kupiga chombo. Wenyewe husimulia kwamba walichomoa vijiti kuamua nani apige gitaa, nani besi, nani ngoma na nani aimbe. Jina walichagua The Ex kwa sababu ni fupi na huandikika haraka ukutani kwa rangi ya kupuliza. Kuimba kulimwangukia G.W. Sok, na gitaa likaenda kwa Terrie Hessels. Terrie ndiye pekee ambaye hajaondoka tangu siku hiyo, na gitaa analipiga bado, mara kwa ukucha, mara kwa kijiti cha ngoma au kipande chochote cha chuma kilichoko karibu.

Uliposema panki huwaka na kuzimika hukukosea sana. Sex Pistols wa London, ambao jina lao wengi hulitaja kwanza, walitoa albamu moja tu ya studio mwaka 1977, na Januari 1978 walikuwa wamekwisha kusambaratika. The Ex walianza baada ya moto huo kupita. Walichokiokota ni wazo lililobaki: kwamba mtu asisubiri ruhusa ya kampuni wala cheti cha shule ya muziki ndipo apande jukwaani.

Wazo hilo lilipata makao kwa sababu ya hali ya nyumba Uholanzi wakati ule. Vijana hawakuwa na pa kukaa, huku wenye majengo wakiyaacha matupu miaka na miaka wakingoja bei ipande. Basi watu wakawa wanaingia katika majengo hayo, wanayakarabati na kuishi humo bila kulipa pango, na sheria za wakati huo ziliwapa kinga fulani, mpaka ilipokuja sheria ya mwaka 2010 iliyopiga marufuku jambo hilo. Tarehe 30 Aprili 1980, siku ya kutawazwa kwa Malkia Beatrix, mitaa ya Amsterdam iligeuka uwanja wa mapambano kati ya polisi na waandamanaji, na kauli yao ilikuwa kwamba bila nyumba hakuna kutawazwa. The Ex walikuwa watoto wa harakati hizo. Waliishi katika nyumba za namna hiyo, walipiga humo, na kumbi zilizochipuka humo ndizo zilizowalisha. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu bendi nyingi hufa kwa kodi ya nyumba kabla hazijafa kwa kukosa nyimbo. Hawa gharama zao zilikuwa ndogo tangu mwanzo, kwa hiyo hawakulazimika kumpigia magoti mtu yeyote.

Mwaka 1980 walitoa albamu ya kwanza, Disturbing Domestic Peace. Nikuambie ukweli, rekodi zile za mwanzo ni ngumu kwa sikio lisilozoea. Sok anazungumza na kufoka kuliko kuimba, na magitaa yanakwaruza. Lakini angalia walichokuwa wakikisema. Kiwanda cha karatasi cha Van Gelder pale Wormer kilipofungwa na wafanyakazi wakaachwa mikono mitupu, The Ex walitoa mwaka 1983 boksi la sahani ndogo nne za santuri, The Dignity of Labour, kuhusu kiwanda hicho. Waliimba juu ya jambo lililowapata majirani zao, na walifanya kazi ya kulichunguza kabla ya kuliimba.

Tabia hiyo ya kuchunguza ilifika kilele mwaka 1986. Ilikuwa imetimia miaka 50 tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vianze Hispania, pale wafanyakazi na wakulima wa CNT, chama cha wafanyakazi, waliposhika viwanda na mashamba na kuviendesha wenyewe huku wakipigana na majeshi ya Franco. The Ex walitoa sahani ndogo mbili zilizofungwa ndani ya kitabu kinene cha picha kutoka hazina ya chama hicho, wakakiita 1936, The Spanish Revolution. Nyimbo zilikuwa nne tu: mbili zao, na mbili za wapiganaji wenyewe wa wakati ule, ambazo waliziimba kwa Kihispania. Kwangu mimi hapa ndipo bendi hii ilipozaliwa mara ya pili. Wapiga kelele wa Wormer wamekaa chini kujifunza wimbo wa watu wengine, katika lugha isiyo yao, na wameupiga kwa heshima bila kuacha sauti yao wenyewe. Kumbuka jambo hili tutakapofika Addis.

Miaka miwili kabla ya kitabu hicho bendi ilikuwa imempata Katherina Bornefeld, na bila yeye nadhani nisingekuwa na la kukuandikia. Mpiga ngoma wa kawaida wa roki hukaa kwenye toazi la pembeni akihesabu sawasawa, kisha anagonga katikati. Katherina anazunguka. Ngoma zake za kati zinasemezana, kengele ya ng'ombe inaingia mahali usipoitarajia, na mapigo mawili yanakimbia pamoja bila kugongana. Mtu aliyekulia kwenye ngoma zetu humwelewa mara moja. Naye huimba pia, na nyimbo alizoziimba yeye ni kati ya zile nzuri zaidi za bendi. Mwaka 1990 akaingia Andy Moor, mpiga gitaa aliyetoka bendi ya Dog Faced Hermans ya Edinburgh. Tangu hapo magitaa ya Terrie na Andy yakawa yanatafunana: mmoja anashika mdundo, mwingine anauvuruga, kisha wanabadilishana.

Katikati ya mambo hayo wakafanya jambo ambalo bendi nyingi za panki zisingethubutu. Walikwenda kukaa na wanamuziki wa jazi huru wa Amsterdam, watu wanaotunga papo hapo jukwaani, kama Ab Baars wa saksafoni na Wolter Wierbos wa tromboni. Waliwaalika kwenye albamu ya Joggers and Smoggers ya 1989, ambayo kwa maoni yangu ni ndefu kupita kiasi ingawa ilifungua mlango. Kutoka mlango huo akaja Tom Cora, Mmarekani mpiga selo, ile fidla kubwa. Wakarekodi naye albamu mbili, Scrabbling at the Lock mwaka 1991 na And the Weathermen Shrug Their Shoulders mwaka 1993. Ile ya kwanza ni kito. Selo inalia juu ya magitaa yaliyokunjamana, na humo kuna wimbo wa kienyeji wa Hungaria ambao Katherina ameuimba kwa Kihungari. Cora alifariki mwaka 1998, bado kijana wa miaka arobaini na ushei.

Sitakupitisha kila rekodi. Itoshe kujua kwamba kati ya 1991 na 1992 walitoa sahani ndogo sita mfululizo kwa wanunuzi waliolipia mapema, na kwamba kuanzia Starters Alternators ya 1998 walikuwa wakirekodi na Steve Albini, fundi wa kurekodi wa Chicago. Albini aliweka maikrofoni, akaacha bendi ipige kama ilivyo, bila kuipaka poda. Ndiyo maana rekodi zile zinakufanya uhisi umekaa chumba kimoja nao.

Sasa tuje Ethiopia. Mwaka 1996 Terrie na mwenzake Emma walisafiri kwa gari kupita Afrika, na Ethiopia ikawashika moyo. Alirudi Uholanzi na kanda, akaendelea kwenda na kurudi, na mwaka 2002 bendi nzima ilizunguka huko kupiga. Walipiga nyimbo zao, na walipiga pia za wenyeji walizojifunza kwenye kanda. Ukiijua historia ya nchi ile utaona uzito wake. Addis ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 ilikuwa na maisha ya usiku ya ajabu: bendi za polisi, za jeshi, za manispaa na za majumba ya maonyesho, zote na safu za matarumbeta. Baada ya Haile Selassie kupinduliwa mwaka 1974, utawala wa kijeshi wa Derg ulileta amri ya kutotoka nje usiku. Klabu zikafa, wanamuziki wengi wakakimbia nchi, na walio wengi duniani hawakujua kilichopotea mpaka Mfaransa Francis Falceto alipoanza mwaka 1997 kuzitoa tena rekodi zile katika mfululizo wa Éthiopiques.

Getatchew alikuwa mmoja wa waliobaki. Alizaliwa mwaka 1935, akajiunga na bendi ya manispaa ya Addis akiwa mtoto wa miaka 13 hivi, kisha bendi ya jumba la maonyesho la Haile Selassie, kisha ya polisi. Alichokibuni ni hiki: Waethiopia wana shellela, majigambo ya wapiganaji kabla ya vita, jamaa ya vivugo tunavyovijua kwa Wahaya. Mpiganaji anasimama, anajitapa, anaguruma, anamtia adui hofu kabla mkuki haujarushwa. Getatchew aliyachukua majigambo hayo ya sauti akayahamishia kwenye saksafoni, akawa anaguruma kwa chombo. Lile vazi la manyoya uliloliona linatoka huko huko, ni vazi la shujaa. Kwa hiyo alikuwa akifoka kwa saksafoni kabla vijana wa Wormer hawajazaliwa au wakiwa bado watoto wachanga.

Mwaka 2004 The Ex walitimiza miaka 25. Walifanya sherehe ya muziki Uholanzi wakamwalika Getatchew, apige na ICP, okestra ya jazi huru ya Amsterdam. Alipiga, wakapendezwa naye. Lakini mzee aliwasikia pia wenyeji wake wakipiga. Baada ya hapo akawaambia anataka kurekodi albamu, na bendi anayoitaka ni wao.

Nimelifikiria sana ombi hilo. Getatchew alikuwa amezungukwa kwa miaka na wanamuziki safi waliopiga kwa adabu nyuma yake, na baadaye na vinanda vya umeme vya bendi za hoteli. Nadhani alichokisikia kwa The Ex ni ule ukali ambao shellela huudai. Mtu anayejigamba vitani hawezi kusindikizwa na muziki wa mapokezi. Magitaa ya Terrie na Andy yalikuwa na makali, na ngoma za Katherina zilijua kuzunguka kama mapigo ya Kihabeshi yanavyozunguka. Mzee alichagua nyimbo, wao wakajifunza. Wakaongeza wapulizaji watatu: Xavier Charles wa klarineti, Joost Buis wa tromboni na Brodie West wa saksafoni. Albamu ikatoka mwaka 2006 kwa jina la Moa Anbessa. Wakazunguka naye Ulaya na Amerika Kaskazini, na Agosti 2008 walipiga New York kwenye uwanja wa Lincoln Center, usiku ule ule waliopanda pia waimbaji wa Ethiopia Mahmoud Ahmed na Alemayehu Eshete. Albamu ya pili, Y'Anbessaw Tezeta, ilifuata 2012. Getatchew alifariki Aprili 2016, akiwa na miaka 81 au karibu yake, na miaka yake ya mwisho jukwaani aliitumia kwa sehemu kubwa na wapiga panki hawa.

Usidhani ilikuwa mapenzi ya nchi moja tu. Terrie alianzisha lebo ndogo, Terp, na mwaka 2004 lebo hiyo ilitoa albamu ya Tsehaytu Beraki, mama wa Eritrea aliyepiga krar, kinubi cha kwao, na kuimba, ambaye alikuwa mkimbizi Uholanzi. Mwaka huo huo ikatoa Lubuaku ya Konono N°1 wa Kinshasa, bendi ya mzee Mawangu Mingiedi. Hao hupiga likembe, ndugu ya ilimba ya Wagogo, lakini yao inapitia kwenye vipaza sauti vilivyoundwa kwa vipuri vya magari mabovu, na sauti inatoka imechafuka, tamu kweli. Nguvu ile waliipata wenyewe Kinshasa, bila kumwiga mpiga panki yeyote. The Ex waliposikia wakatunga Theme from Konono, iliyo kwenye albamu yao ya Turn ya 2004, na humo humo Katherina anaimba Huriyet, wimbo wa Eritrea. Wameandika walikoutoa. Hilo kwangu ndilo linalotenganisha mwanafunzi na mwizi, maana tumeona wangapi wakichota muziki wa Afrika bila kumtaja mwenye kisima.

Kuhusu kudumu, basi, nakupa ninavyoona baada ya kuwafuatilia kwa muda mrefu. Kwanza mali ni yao. Wana lebo yao, Ex Records, rekodi zao ni zao, wanapanga maonyesho yao bila meneja wa kuwaamrisha. Hakuna kampuni ya kuwaambia mwaka huu hamkuuza, fungeni virago. Pili, nyimbo wanatunga pamoja, kwa kupiga na kupiga mpaka kitu kisimame. Hakuna bwana mkubwa mmoja ambaye akinuna bendi inakufa. Ndiyo maana Luc, mpiga besi wao wa tangu 1983, alipoondoka mwaka 2002 waliendelea, na baadaye wakaamua kuishi bila besi kabisa, Andy akishika gitaa la sauti nzito. Na G.W. Sok, sauti ya bendi, mwandishi wa maneno na mchoraji wa majalada, alipoondoka mwaka 2009 baada ya miaka 30, wengi walisema imekwisha. Wakamchukua Arnold de Boer, wakatoa Catch My Shoe mwaka uliofuata, kisha 27 Passports mwaka 2018, na If Your Mirror Breaks mwaka 2025.

La tatu ndilo ninaloliona kuu. The Ex hawaishi kwa nyimbo za zamani. Wakitunga mpya, wanapanda na mpya, na za jana wanaziacha. Ukienda kwenye onyesho lao ukidai wimbo wa 1985 utarudi nyumbani bila kuusikia. Bendi nyingi kongwe huzunguka dunia zikirudia nyimbo kumi zile zile kwa mashabiki wanaozeeka nazo, na pesa hupatikana, siwalaumu. Lakini mwanamuziki anayepiga kila usiku kitu alichokimaliza miaka thelathini iliyopita masikio yake hulala. Masikio ya The Ex hayakulala, na ndiyo maana walikuwa tayari kumpokea Cora, kisha Konono, kisha Getatchew, kila mara wakianza upya kama wanafunzi. Mzee yule alikuwa na sikio kali. Nina hakika alilitambua hilo.

Swali lako la mwisho: uanzie wapi. Usianzie 1980, utakata tamaa. Anza na Moa Anbessa, usikilize Ethiopia Hagere na Musicawi Silt kwa spika nzuri, si za simu. Kisha tafuta rekodi ya Getatchew mwenyewe ya mwaka 1972, iliyorudishwa katika Éthiopiques namba 14, ili umsikie kabla ya kukutana nao. Ukirudi kwa The Ex, chukua Turn, halafu Scrabbling at the Lock. Rekodi za miaka ya 1980 ziache mwisho, na kile kitabu cha Hispania ukikipata kwa mtu, kisome huku sahani zikicheza.